Sanubi

...na asiyeamini asiamini, akae na kutoamini kwake kama mtu aliyekalia kiti cha miguu mitatu, lakini mimi, mimi niliyeachana na shule nikiwa na miaka kumi na nne, na tuliachana kwa makubaliano, yenyewe haikunitaka na mimi sikuitaka, mimi ndiye niliyewafundisha wanawake kumi na wawili wa kiwanda cha kufulia kuandikiana meseji ambazo hata aliyeziunda simu zao hawezi kuzisoma, bisha, hebu bisha uone, lete profesa na miwani yake, lete na mkuu wa polisi, nitawapa kiti wote wawili, hiki hapa alichokalia dereva, niwaambie haya tafuteni, tafuteni meseji moja tu, watatafuta mpaka wasahau walichokuwa wanatafuta... na kitone bado ni cha kijivu, kijivu, kijivu, nimekitazama mpaka macho yananiwasha, jina la dada na kitone pembeni yake, kikigeuka kijani maana yake simu yake imewaka na programu iko wazi na neno langu litaruka limfikie, kikibaki kijivu neno linakaa hapahapa kwangu linangoja, ndivyo programu yenyewe ilivyo, haina ghala la kuhifadhia barua za watu, mtumaji na mpokeaji lazima wawe macho wakati mmoja, na neno lenyewe ni moja tu, Usisaini, nimeliandika saa tatu na nusu asubuhi na sasa ni saa nne na robo, usisaini dada, usisaini karatasi yao, "Injinia, hilo tundu la chaji limeoza au limejaa uchafu tu?" anauliza dereva, dereva wa lori la saruji, mtu mzima na tumbo lake, simu yake nimeifungua mgongo na iko mbele yangu imelala kama mgonjwa, uchafu, mzee, namwambia, ni saruji hii, unataka kujenga ukuta ndani ya simu, anacheka, mimi sicheki, nachovya mswaki kwenye spiriti nasugua, nasugua kwa hasira, meno ya mswaki yanalalia upande, taratibu, Injinia, anasema, hiyo simu ndiyo kazi yangu, hata dada ana kazi yake mzee, nataka kumwambia, ana kazi yake mpaka saa sita mchana, baada ya hapo sijui... saa sita, meneja kampa mpaka saa sita, asaini kwamba ule ujumbe wa kugomesha mashine ni wake na aandike majina ya wenzake kumi na mmoja, hapo atafukuzwa tu, tu, eti tu, na akikataa wanapiga simu polisi, kesi ya hujuma, hujuma, dada yangu anayeomba radhi hata akigongana na mlango, hujuma! na mimi kidume nimemwandikia usisaini kana kwamba ni mimi nitakayelala sakafuni kwao, lakini asaini nini sasa, auze kina mama kumi na mmoja, hapana, hawezi, namjua, na ninayetaka kumshika shingo ni mmoja, Kola.

Kola, msimamizi wao, tumempa jina hilo kwa sababu hufunga kifungo cha juu kabisa hata joto likiwa la kuyeyusha lami, huyo Kola mnamjua nyinyi? hamumjui, alikulia mlango wa pili kutoka kwetu, mama yake alikuwa akishinda kazini na yeye akishinda kwetu, akila kwetu, akilala mchana kwenye mkeka wetu, mama alikuwa anamfulia shati lake pamoja na yetu na kulianika kamba moja na yetu, na leo hii shingo ileile aliyokuwa mama akiisugua ukoko inasimama mbele ya wanawake inawasomea karatasi, mshenzi, mshenzi mkubwa, alipanda cheo tukamshangilia, mama akampigia vigelegele dirishani, akapewa funguo za stoo ya glavu na tangu siku hiyo glavu hazitoki, ziko stoo, zimehesabiwa, eti wanawake wanazipasua haraka, kwa hiyo mikono iingie hivihivi kwenye dawa ya kutoa madoa, shuka za mahoteli, shuka za hospitali, damu za watu na jasho la watu, dawa ile ukiinusa tu inakutoa machozi, na dada alikuwa upande huo miaka sita kabla hawajamhamishia kwenye pasi... Jumapili ile nilipowaita nyumbani, wote kumi na wawili sebuleni, wengine kwenye makochi wengine chini, mama anagawa chai kama kuna posa, nikasimama katikati nimevaa shati la maana, nikasema kila mmoja afungue simu yake, tunaanza na kufuli ya kidole, mmoja wao, tunayemwita Kibanio, akaweka kidole, simu ikakataa, nikamwambia jifute mkono, akajifuta kwenye kanga, ikakataa, nikachukua ya pili, ya yule mtu mzima tunayemwita Ndoo, ikakataa, ya tatu, ikakataa, nikaanza kutukana simu, hizi simu zenu za bei rahisi, hizi takataka, mpaka dada akanivuta shati akanigeuzia kiganja, "Tazama, mdogo wangu, unaiona mistari?" nikatazama, nikasogea dirishani nikatazama tena, hakuna, ncha za vidole laini, zinang'aa, kama zilipigwa pasi, alama ya kidole ambayo kila binadamu anayo mpaka kuingia kaburini dada yangu hana, wote hawana, dawa imeila, nikajifanya kutania, nikasema basi hongereni, nyinyi ndio watu wasiojulikana kuliko wote duniani, mkivunja benki hamkamatwi, wakacheka mpaka Ndoo akamwaga chai, na mimi nikaenda jikoni kujifanya natafuta kitambaa, kwa sababu hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikioni, ile hasira mpaka leo haijashuka, iko palepale, inapanga chumba.

"Halafu hiyo programu yako niliyosikia," dereva anasema, anainama kama kuna mtu anatusikiliza, "hiyo ya siri, ukiniwekea, mke wangu hawezi kusoma?" mke wako, mzee, hahitaji kusoma, anakutazama usoni tu, namwambia, anapiga paja lake, "Wewe mtoto una mdomo!" ninao, mdomo ndio mtaji wangu, na siku ile niliutumia, niliwaeleza kwa lugha yao, nikasema kina dada zangu, meseji yenu ya kawaida ni nguo chafu unayopita nayo barabarani umeishika mkononi, kila mtu anaona ya nani, lakini hii yetu unaitia kwenye mfuko, unafunga, unautia mfuko ndani ya mfuko mwingine, unafunga, na mwingine tena, halafu unampa mtu usiyemjua, yeye anafungua mfuko wa juu tu, anakuta imeandikwa mpelekee fulani, anampelekea, fulani naye anafungua wa pili, anampelekea wa tatu, wa kwanza anajua imetoka kwako lakini hajui inakwenda wapi, wa mwisho anajua inakwenda wapi lakini hajui imetoka kwa nani, wa katikati hajui chochote, amesimama tu kama nguzo, na Ndoo akanyoosha mkono kama yuko darasani, "Na huyo wa katikati akiwa mwizi?" nikamwambia akiwa mwizi, mama, ataiba mfuko uliofungwa, na funguo ziko mbili tu duniani, wakapiga makofi, mimi! makofi! mwalimu wangu wa hesabu angekuwepo angezimia, mwaka jana walikuwa na kundi la kawaida la namba za simu, meneja alipolidaka alipata kila namba na kila jina, wawili wakafukuzwa siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana, sasa hapa hakuna namba, hakuna jina la kweli, Kibanio, Ndoo, Kamba, Beseni, na dada ni Pasi, nikawakalisha wawiliwawili wasomeane yale maneno ya uhakiki kwenye skrini zao, uso kwa uso, neno kwa neno, mpaka kila mmoja akawa na hakika anayemwandikia ndiye, kazi safi, kazi ambayo watu wenye digrii wanairuka kwa uvivu, mimi sikuruka, na mwisho nikawapa sheria, ya kwanza simu isiachwe wazi, ya pili asiingizwe mtu bila kuonwa kwa macho, na ya tatu nikairudia mara mbili, andikeni kama kitabu cha shule, kile nisichokimaliza, msiandike mnavyoongea, hakuna utani wa kwenu, hakuna neno la nyumbani kwenu, kwa sababu njia tumeificha lakini ulimi wa mtu hauna mfuko...

neno la nyumbani, na ndilo lililotoka, neno moja, moja tu, lenye herufi sita, nikilifikiria nataka kuipiga hii meza kichwa, Kibanio aliniandikia leo Jumamosi saa tatu na nusu akiwa amejifungia chooni kiwandani, kundini nami nimo kama fundi wao, akaniandikia vipandevipande, Kola katupanga mstari kabla ya kazi, Kola ana karatasi, kuna mtu kaipiga picha meseji ya Alhamisi kwa simu nyingine akampelekea, nani, sijui nani, mmoja wetu, mmoja wenu! kumi na wawili mlikunywa chai ya mama na mmoja wenu akaelekeza kamera kwenye skrini, dhidi ya hilo hakuna mfuko, hakuna funguo, hakuna fundi, nitamjua, wallahi nitamjua, lakini hata hiyo picha ilikuwa bure, picha ilionyesha Pasi kaandika, na Pasi ni nani? mashine za pasi ziko tisa, wanawake wanaozishika ni kumi na nane kwa zamu, na wengine wamejiita majina ya kazi wasizofanya, niliwaambia wafanye hivyo, Kola angesoma karatasi ile mpaka koo limkauke asingempata mtu, alisoma, Kibanio anasema alisoma kwa sauti ya kejeli, Jumatatu saa nne kamili hakuna kutia sanubi kwenye mashine hata kijiko, tuone watafua kwa mate, akafika hapo kwenye sanubi, akalisoma tena kimoyomoyo midomo inacheza, halafu akacheka, akaikunja karatasi mara nne, akapita kwa Kibanio, akapita kwa Ndoo, akatembea moja kwa moja mpaka kwa dada akamgusa bega, twende ofisini... kwa sababu sanubi ni ya kwetu, haipo kwenye kamusi, haipo sokoni, haipo popote duniani isipokuwa ndani ya nyumba yetu, nilikuwa na miaka mitatu ulimi haujakomaa, sabuni ikanishinda nikasema sanubi, baba akacheka mpaka akakaa chini, Mungu amrehemu, tangu siku hiyo naye akasema sanubi, mama akasema sanubi, dada akasema sanubi, niletee sanubi, sanubi imekwisha, usichezee sanubi ya watu, mama mpaka leo akienda dukani humponyoka, muuzaji hubaki anamtazama, na aliyekuwa mlango wa pili, aliyekuwa anafuliwa shati kwa sanubi hiyohiyo, alikuwa akisimama dirishani ananiita, Sanubi, we Sanubi, toka tucheze, lilikuwa jina langu kabla sijawa Injinia, mbwa huyu, kumbe alilitunza miaka yote hiyo, tulimpa neno letu na chakula chetu, chakula amekisahau, neno analo, na dada, dada naye, nilimwambia andika kama kitabu, nilimwambia mara mbili, neno moja tu dada, umesoma mpaka ukamaliza, una cheti ukutani, unawezaje kuandika... unawezaje...

"Kwa hiyo," dereva anasema, bado yuko kwenye habari zake, anachokonoa jino, "mtu akiandika humo, hata iweje, haijulikani nani kaandika?" haijulikani, namjibu, hata ushushe watu angani hawatajua, hakuna alama, hakuna saini, hakuna namba, hakuna ushahidi, "Hata mwenye jina lenyewe hawezi kuonyesha?" hata yeye, ndio uzuri wake, mzee, atakana mpaka siku ya kiyama na hakuna wa kumkamata, "Ah," anasema, anafikiri, tumbo linapanda na kushuka, "sasa na ambaye hakuandika, akisingiziwa, atawaonyesha nini?" ... mswaki umesimama, mkono wangu ndio umesimama, atawaonyesha nini, ana akili gani huyu mzee wa saruji, kaja na simu mbovu na kaniuliza swali ambalo wanawake kumi na wawili hawakuniuliza wala mimi sikujiuliza, nilijenga nyumba isiyo na mlango ili mwizi asiingie na sikufikiria mtu wa kutoka, hakuna wa kuthibitisha alichoandika, basi hakuna wa kuthibitisha ambacho hakuandika, hata leo dada akiwapa simu yake yote waipasue, hata mimi nikienda na kila kitu ninachokijua, hakuna kitu mle ndani kinachoweza kusema huyu siye, hakuna, nilikitoa mwenyewe, nilijisifu nimekitoa, kimebaki nini, umebaki mdomo, mtu asimame aseme kwa mdomo wake... "Injinia, umelala?" silali mzee, nasugua... kuna sehemu nimeiruka, tangu asubuhi nairuka, naizunguka kama shimo la barabarani, Alhamisi simu ya dada haikuwa kwa dada, ilikuwa hapa, mezani hapa, ilipo hii ya dereva, nilikuwa nambadilishia betri, akapita asubuhi akiwahi zamu, akaniachia na kikaratasi, amekiandika kwa kalamu, herufi zake zile zilizonyooka, akasema, "Mdogo wangu, mapumziko yangu siku hizi ni saa tano, wenzangu wanafungua simu saa nne, nitumie haya kwenye kundi saa nne, kama yalivyo, usiongeze chumvi," na kikaratasi kilisema tunaomba glavu, tunaomba mafuta ya mikono, tuandike barua moja kwa heshima, tusaini wote kumi na wawili, tuipeleke Jumatatu, basi, hicho tu, kwa heshima, na mimi nikasoma nikakasirika, heshima gani, na vidole vile, heshima kwa nani, nikasema dada ni mwoga, dada anaandika kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, nikakikunja nikakitia kwenye pipa la skrubu mbovu, saa nne ilipofika nikawasha simu yake nikaandika kwa haraka, nacheka peke yangu, watafua kwa mate, niliona nimeandika kitu kikubwa, niliisoma mara tatu kwa kujipenda na sikuliona lile neno, mara tatu! kwa sababu kwangu silo neno la kuchekesha, kwangu hicho kitu ndivyo kinavyoitwa, dada alilijifunza kutoka kwangu, anaweza kuliacha akikaa kuandika, mimi siwezi, na kwa barua yake pasingekuwa na hujuma, barua ya kuomba glavu haiitiwi polisi, hujuma niliitia mimi, na dada, Kola alipofika kwenye neno na kumgusa bega, yeye dada aliyekuwa hajawahi kuiandika sentensi ile, alijua hapohapo ni ya nani, alijua kabla Kola hajaikunja karatasi, na amekaa mle ofisini kwenye kiti cha chuma tangu saa tatu, wanamuuliza ni wewe, ni wewe, na jibu la kumtoa analo mdomoni, maneno manne, hapana ni mdogo wangu, na halisemi, na mimi nimemwandikia usisaini, nimemwamuru, na kutoka hapa mpaka geti la kiwanda ni dakika kumi kwa miguu, nane ukikimbia, nimezihesabu zote nikiwa nimekaa hapa nasugua saruji ya mtu, "Niliandika mimi," sauti inatoka kabla sijaiita, na dereva anageuka, "Umesemaje?" na mimi bado nimekaa, mswaki mkononi, nasema ile meseji, mzee, niliandika mimi, dada hakuandika hata neno, niliandika mimi.